Mazishi Yaliyoita Masika

Ipo nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa. Si kwa woga, bali kwa sababu jina hilo hubadilishwa mara kwa mara, na anayelitaja la jana hukamatwa. Watu wa nchi hiyo ni wema. Wanalipa kodi, wanapenda redio, na wanaamini kwa moyo mmoja kwamba hali ya hewa ni mwajiriwa wa serikali.

Na kwa nini wasiamini? Rais alipozindua kiwanda cha miavuli, ilinyesha. Alipozindua kiwanda cha maji ya chupa, jua liliwaka hadi wageni wawili wa kibalozi wakazimia, na maji yakanunuliwa yote. Bunge likifunguliwa, ukungu hushuka na kukaa mpaka wabunge wamalize. Siku ya kusomwa bajeti huvuma upepo wa kuezua mapaa, na mapaa yanayoezuliwa huwa ni yale yale. Basi serikali ikaunda Wizara ya Matukio na Majira, ikampa Mheshimiwa Daktari Mwendapole, ambaye udaktari wake alitunukiwa na upinde wa mvua uliotokea siku alipoapishwa.

Lakini hakuna kilichowashangaza watu wa nchi hiyo kama mazishi. Kila Shujaa wa Uhuru alipozikwa kitaifa, mvua ilinyesha kabla udongo wa kaburi haujakauka. Kwamba wazee hufa zaidi kiangazi kinapofikia ukali wake wa mwisho, na kwamba kiangazi kikifikia hapo masika huwa mlangoni, ni jambo ambalo mtoto wa shule angeweza kuliona. Ndiyo maana somo hilo liliondolewa shuleni.

Sasa, mashujaa walikuwa wamekwisha, amebaki mmoja tu. Huyu ni Mzee Chambuso, aliyeparamia mlingoti siku ya uhuru bendera ilipokwama katikati, akaipandisha kwa mikono mbele ya mataifa. Mke wake ni Bi Sikudhani, na mambo haya yalimpata yeye. Mwaka huo vuli haikunyesha. Bwawa la mji mkuu lilikauka hadi likaonyesha pikipiki ambazo askari waliripoti zimeibwa, kumbe walizitupa humo wenyewe. Ng'ombe walikufa wamesimama. Nchi nzima ikaanza kuiulizia, kwa upole mkubwa, afya ya Mzee Chambuso.

*

Waziri Mwendapole alikuja alasiri, na msafara wa magari uliotia vumbi kwenye unga wote ambao Sikudhani alikuwa ameuanika uani.

"Shikamoo, Mzee wetu."

"Marahaba, Mheshimiwa."

"Afya?"

"Nzima kabisa."

Uso wa Waziri ulishuka. "Nzima kabisa kabisa?"

"Labda goti hili la kushoto. Kukiwa na baridi hunisumbua."

"Goti," Waziri alisema kwa matumaini, akamgeukia daktari aliyekuja naye. "Goti huua?"

"Mara chache sana, Mheshimiwa."

Sikudhani alikuwa akimimina chai. Akaacha kumimina. "Mheshimiwa, umekuja kumjulia hali mume wangu au umekuja kumpima?"

"Mama, tafadhali." Waziri aliweka mkono kifuani. "Serikali haiwezi kumwambia raia wake afe. Sisi si washenzi. Tunachomuomba ni asichelewe."

Mzee Chambuso alicheka hadi akashika mbavu. Alikuwa mtu wa kucheka. Hata usingizini alicheka, na Sikudhani alikwisha kuzoea kuamshwa na kicheko. "Sasa, mwanangu, nikifa halafu isinyeshe?"

"Itakuwa umekufa vibaya, Mzee, na tutaunda tume."

Sikudhani hakucheka. Alikuwa akimtazama mtu mmoja wa msafara, kimya, mwenye penseli sikioni, aliyesimama mlangoni na kunyoosha mikono yake miwili kutoka mwimo huu hadi mwimo ule, kama anayetaka kujua iwapo kitu kirefu na kizito kitapita bila kugonga.

Walipoondoka, akamwambia mumewe, "Umemwona yule?"

"Wanatania, Siku."

"Wanatania wakiwa na seremala?"

*

Punde yakaanza mazoezi ya mazishi, kwa ajili ya utayari wa taifa. Ilikuja bendi, wakaja askari wa gwaride, likaja jeneza lililotiwa ndani magunia ya mchanga yenye uzito wa Mzee Chambuso kwa makadirio. Msafara ulianzia nyumbani kwake, kwa kuwa ndiko utakakoanzia ule wa kweli. Yeye mwenyewe alitoka, akaegemea uzio akitafuna muhogo mkavu, akawapungia. Mpiga tarumbeta mmoja aliyekuwa mpwa wake wa mbali alimpungia pia, akakatwa mshahara.

Ndipo juu ya kilima likatokea wingu. Lilikuwa dogo na jepesi, wingu la kudharauliwa. Lakini bendi iliacha kupiga. Wabeba jeneza wakasimama. Watu wote barabarani wakainua nyuso, wakalitazama, kisha taratibu, kama walioamrishwa, wakazigeuza nyuso zao na kumtazama Mzee Chambuso. Walimtazama kama watu wa foleni wanavyomtazama mtu aliyeng'ang'ania dirishani hali ameshahudumiwa.

Wingu likatawanyika. Mzee Chambuso aliutazama muhogo mkononi mwake, asiutie tena mdomoni.

Tangu siku hiyo mtaa ukabadilika. Sikudhani alikwenda bombani, ambako maji yalitoka membamba kama uzi, akamkuta jirani yake Tunu. Hawa wawili walisukana nywele tangu wakiwa wasichana, na kila mmoja alijua deni la siri la mwenzake.

"Pole na msiba, shoga," Tunu alisema.

"Msiba gani? Nimemwacha anakula."

"Ule wa mbele huko. Nakupa pole mapema, uanze kuzoea."

"Tunu, wewe umewahi kumlilia mumeo kabla hajafa?"

"Wangu? Wangu namlilia kila siku, na bado anarudi." Wanawake wakacheka. Kisha mmoja akasema, "Mjane apite mbele," na foleni ikagawanyika kumpisha.

Sikudhani aliwaambia kwa ukali kwamba yeye si mjane. Lakini jua lilikuwa kali na ndoo haikuwa na tone. Akapita mbele. Alirudi nyumbani na maji kabla ya wenzake, na hakumwambia mumewe ni kwa nini.

*

Asubuhi moja wakiwa wanakunywa uji, Redio ya Taifa ilikatiza muziki.

"Kwa masikitiko makubwa, na kwa matumaini makubwa zaidi, Serikali inatangaza kifo cha Shujaa wa Mlingoti, Mzee Chambuso, aliyefariki dunia ghafla baada ya kuugua kwa muda mrefu."

"Ghafla, au kwa muda mrefu?" Mzee Chambuso aliuliza.

"Hebu nyamaza, nisikie," Sikudhani alisema. Kisha akashika mdomo wake. Alikuwa amemnyamazisha mumewe ili asikie habari za kifo chake.

Walikwenda wizarani, wawili, wameshikana mikono. Waziri Mwendapole aliwapokea akiwa na tai nyeusi.

"Mheshimiwa," Sikudhani alisema, "mume wangu huyu hapa. Anapumua. Amekunywa uji vikombe viwili."

"Mama, huzuni ina njia zake."

"Mtazame! Humuoni?"

Waziri alimtazama Mzee Chambuso machoni, muda mrefu, kwa heshima ya kweli. "Namuona, Mama. Namuona kabisa. Taifa zima litaendelea kumuona. Huo ndio ukubwa wa shujaa." Akatoa leso, akajifuta jicho. "Mazishi ni Jumamosi. Mtapelekewa gari. Yaani, utapelekewa."

Njiani kurudi, Mzee Chambuso alimsalimia muuza mkaa, na muuza mkaa akainamisha uso kwenye magunia yake. Akamsalimia fundi viatu wake, na fundi akagongelea msumari ambao tayari ulikuwa umezama. Mzee alijaribu kucheka. Kilichotoka kilikuwa kama kikohozi.

"Jumamosi nitakwenda mwenyewe," alisema. "Wakiniona pale pale, mbele ya jeneza lao, watafanyaje? Lazima wacheke. Watu wote wakicheka, mambo yamekwisha."

*

Alikwenda. Alivaa suti yake ya sikukuu na nishani yake kifuani. Uwanja ulijaa hadi kwenye miti. Mwongoza wageni alimpa karatasi ya ratiba yenye picha yake mwenyewe, akamwonyesha kiti cha nyuma, eneo la wananchi wa kawaida. Sikudhani walimketisha mbele, wakamfunika ushungi mweusi wa serikali.

Waziri Mwendapole alipanda jukwaani. "Ndugu wananchi! Leo tunapanda ardhini mbegu ya taifa! Mzee Chambuso, katika uhai wake wote, hakuwahi kuomba chochote, na serikali, kwa kumheshimu, haikuwahi kumpa! Lakini leo anatoa! Kwa mujibu wa mawingu, kwa idhini ya Rais..."

Nyuma, Mzee Chambuso alipanda juu ya kiti. Sauti ilikuwa ile ile iliyowahi kuwaita watu wa chini akiwa juu ya mlingoti.

"Niangalieni! Mimi ndiye Chambuso! Mimi sija..."

Radi ilipasua hapo hapo. Ilipasua kana kwamba mbingu ni gogo kavu. Upepo ukapita na harufu ya vumbi lililolowa, na mvua ikaanguka, si kwa manyunyu, bali yote kwa pamoja, kama pazia lililokatwa kamba. Maelfu ya watu walipiga vigelegele. Watu walikumbatiana, wakavua viatu, wakalala kifudifudi kwenye matope. Waziri alilia hadharani, na hakuwa akiigiza.

Na Sikudhani? Sikudhani alifunua ushungi, akainua uso, akafungua kinywa. Matone yalikuwa makubwa, baridi, matamu. Alikuwa na kiu ya miezi. Alicheka kwa sauti, kama msichana.

Alipogeuka alimwona mumewe. Alikuwa bado amesimama juu ya kiti, suti imemganda mwilini, maji yanamtiririka usoni, akimtazama yeye akicheka.

*

Baada ya mazishi, Sikudhani akawekwa eda.

Sheikh wa mtaa alipoulizwa alisema kwamba hajui eda ya mwanamke ambaye mumewe yuko barazani anafungua viatu. Sheikh akahamishiwa mpakani. Wizara ikatoa waraka wake yenyewe, ikaweka mlangoni askari wa kike aitwaye Koplo Nyamizi, binti mpole mwenye koti refu la mvua, na amri ya kutomruhusu mwanamume yeyote asiye maharimu kuvuka kizingiti.

"Huyu ni mume wangu," Sikudhani alimwambia, akionyesha mtu aliyesimama kwenye mvua mbele yao.

"Bibi, mumeo ni marehemu. Kama huyu ndiye mumeo, basi amekufa, na maiti haibishi hodi. Na kama anabisha hodi, basi yu hai, kwa hiyo si mumeo, na haruhusiwi."

"Na wewe mwenyewe unaona nini, mwanangu?"

Koplo Nyamizi aliangalia moja kwa moja mahali alipokuwa Mzee Chambuso. Midomo ilimcheza kidogo. "Naona mvua, Bibi."

Kila mtu aliona mvua. Ilinyesha siku baada ya siku, mtama ukaota hata juu ya mapaa ya makuti, na kila shina lilikuwa ushahidi. Mvua imenyesha, kwa hiyo amekufa. Angekuwa hai, ingenyesheaje? Tena watu walianza kuogopa. Walinong'ona kwamba mtu mmoja tu akimuona, mtu mmoja tu akimjibu, mawingu yatasikia. Kwa hiyo Mzee Chambuso alitembea mjini mchana kweupe na mji ukawa unafunguka mbele yake na kujifunga nyuma yake. Milango ilifungwa bila kelele. Mazungumzo yalikatika akikaribia, yakaendelea akishapita. Watoto walifundishwa kutazama chini.

Mchana alikuja kwenye dirisha la jikoni. Sikudhani alimpitishia sahani kati ya nondo. Majirani waliiona sahani ikitoka imejaa na kurudi tupu, wakasema mjane anawalisha mizimu, wakaingiza kuku wao ndani.

"Unalala wapi?" Sikudhani alimuuliza.

"Kaburini."

"Usinitanie."

"Sitanii. Wamenijengea la marumaru, Siku, lina sebule ya wageni wa kitaifa. Halivuji. Mlinzi ananifungulia mlango na kunipigia saluti. Ni huko tu ninakojulikana." Alikula kidogo, akaacha. "Leo nilianguka sokoni. Watu walinivuka. Mama mmoja aliniwekea shilingi kando ya kichwa, kama watu wanavyoweka kaburini, akakimbia." Alipenyeza mkono dirishani. "Hebu nishike. Una joto?"

"Una joto."

"Una hakika? Usiseme tu kunifurahisha."

"Una joto, Chambuso!" Lakini mkono ulikuwa baridi kwa mvua, na ilimbidi auminye sana ndipo aupate mshipa. Alitaka kumwambia habari za siku ile uwanjani, kwamba alicheka kwa sababu ya kiu tu. Badala yake alimwambia amalize kula. Kila alipolisikia bati likipigwa na mvua, alijisikia mwenyewe akicheka.

Kisha ikaja siku ambayo hakuja. Sahani ilipoa. Sikudhani aliipasha moto, ikapoa tena. Siku ya pili yake pia hakuja. Sikudhani akafunga jiko la mkaa kwenye kanga, akachukua chungu, unga na blanketi, akaenda mlangoni.

"Bibi," Koplo Nyamizi alisema, "tafadhali usivuke."

"Nikivuka utanipiga?"

"Hapana. Nitaacha kukuona. Ndiyo amri yenyewe." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Na mimi nakupenda kukuona, Bibi. Unanikumbusha nyumbani."

Sikudhani akavuka.

Hakuna aliyemzuia barabarani. Hakuna aliyemgusa, hata kwa bahati mbaya. Muuza mkaa alimwaga maji machafu miguuni pake, akaendelea kupima mkaa. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia mji wenye watu wengi ukiwa kimya hivyo.

Alimkuta mumewe amelala kwenye benchi la marumaru, anatetemeka kwa homa, chini ya picha yake mwenyewe kubwa inayotabasamu. Alimvua nguo mbichi, akamfunga blanketi, akawasha jiko katikati ya sebule ya wageni wa kitaifa. Alimnywesha uji kwa kijiko. Alimsugua miguu. Aliongea naye mfululizo, habari za goti, za unga ulioingia vumbi, za Waziri na daktari wake, na hatimaye za uwanjani.

"Nilicheka," alimwambia. "Nilikuwa na kiu, nikacheka."

Mzee Chambuso alifumbua macho. "Niliona," alisema. "Ulikuwa mzuri sana." Na kwa mara ya kwanza tangu redio imuue, alicheka kweli, kicheko chake cha usingizini, kikagonga kuta za marumaru na kurudi. Nje, mlinzi alisikia. Aliiweka bunduki chini, akaipigia saluti ile sauti.

Homa ilishuka. Na kwa kuwa masika huwa na mwisho wake, kama kila mwaka, mvua ikakatika. Jua likatoka safi, jua la kuvunia.

*

Wizara haikulala. Redio ya mlinzi ilieleza yote: Bi Sikudhani, mjane wa Shujaa, amemfuata mumewe kaburini kwa mapenzi, na mbingu, zilizokuwa zikimlilia marehemu, zimefuta machozi. Jua hili ni lake. Waziri Mwendapole aliwaomba wananchi wote wavune, waanike, na wasiwasumbue wapumzikao.

"Pole," Mzee Chambuso alisema.

"Na wewe pole," Sikudhani alijibu. Walikunja blanketi. Walikuwa wamekwisha kuamua kurudi nyumbani, jua liwepo lisiwepo, watu waone wasione.

Sikudhani alipofungua mlango alimkuta Tunu. Tunu alikuwa amepiga magoti ngazini, kanga mbili za kilio kichwani, shada la maua mikononi. Pumzi zao zilikutana. Sikudhani alichuchumaa, akamshika bega, akahisi mfupa wa bega ukishtuka chini ya kiganja chake.

"Tunu. Ni mimi. Sijafa, shoga. Niambie tu neno moja. Tunakwenda nyumbani."

Tunu hakuinua uso. Midomo yake tu ndiyo iliyotikisika, kwa sauti ambayo mlinzi asingeweza kuisikia.

"Najua, Siku. Nakuona. Nimekuona tangu siku ile unapita na jiko lako, nikalia mpaka nikatapika." Akalikaza shada mikononi. "Lakini mtama wangu wote uko juani."

Kisha akaupangusa mkono ule begani, polepole, kama mtu anayepangusa jani lililomdondokea, akavuta kanga usoni na kuanza kulia kwa sauti kubwa, akizitaja sifa za marehemu moja baada ya nyingine. Sikudhani alibaki amechuchumaa mbele yake, mumewe nyuma yake na blanketi begani, akizisikiliza, na nyingine hakuwahi kujua kwamba alikuwa nazo.